Gari likisita mlimani, usikimbilie kufungua injini

UNARUDI Nairobi kutoka pwani. Umekwisha kupita Sultan Hamud na sasa unaukabili mwinuko wa Salama. Mbele yako trela linajikokota. Unatazama, njia i wazi, unaingia upande wa kulia na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Gari linavuta kwa mita hamsini hivi, kisha linashtuka, linalegea, linashtuka tena. Trela bado liko ubavuni mwako, na kule juu ya kilima taa za basi zimetokea. Mama watoto ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Watoto nyuma wamenyamaza ghafla.

Mpenzi msomaji, aliyewahi kupatwa na mkasa kama huo hahitaji kuelezwa kwa nini nimeamua kulizungumzia jambo hili leo. Gari lisilowaka asubuhi hukuudhi na kukuchelewesha kazini, basi. Gari linalosita katikati ya barabara laweza kukumaliza wewe na jamaa yako. Na hata lisipofika huko, litaumaliza mfuko wako, kwa maana hakuna ugonjwa wa gari kuukuu ambao umewafanya watu kununua vipuri visivyohitajika kama huu.

Mambo huenda hivi. Mwenye gari hufika gereji na maneno mawili tu: "Fundi, halivuti." Fundi naye ana magari mengine matano yanayomngoja. Hufungua boneti, hutikisa waya mbili tatu, huzungusha skrubu ya kabureta, kisha hutoa hukumu: "Mzee, hapa ni kabureta." Unakwenda kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, unanunua. Gari linakwenda siku mbili, linarudia yale yale. Sasa ni koili. Baada ya koili ni pampu. Vyote vikishindwa, unaambiwa injini imechoka, ifunguliwe.

Simlaumu fundi peke yake. Ukienda hospitali na kumwambia daktari "naumwa" halafu ukanyamaza, naye atabahatisha. Neno "halivuti" halimwambii fundi chochote. Linalomsaidia ni kujua gari linakataa kuvuta WAKATI GANI. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike leo, maana makosa ya petroli, ya cheche na ya injini yenyewe kila moja lina saa yake ya kujitokeza. Ukiijua saa hiyo, umekwisha kufanya nusu ya kazi bila kushika spana.

Kwanza tukumbushane injini ya petroli inataka nini. Inataka petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa, cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake, na silinda inayoweza kuugandamiza mchanganyiko huo bila kuvuja. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Kwa maneno mengine, lita moja ya petroli huunguzwa na kiasi cha lita 9,000 za hewa ya Mombasa, na zaidi ya hizo hapa Nairobi ambako hewa ni nyepesi. Cheche nazo si haba: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde. Ukiona hesabu hizo utaelewa kwa nini kasoro ndogo sana, ambayo gari likiwa limesimama haionekani kabisa, huwa msiba linapopanda mlima.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kwa fundi, chukua daftari kuukuu la mtoto na uliweke garini kwa juma moja. Kila gari linaposita, mwenzako aliyeketi kando aandike: Injini ilikuwa baridi au moto? Ni mara tu ulipokanyaga mafuta, au baada ya kukanyaga kwa muda mrefu? Ni mlimani tu au hata kwenye tambarare? Lilishtukashtuka, au lilipoteza nguvu polepole bila kelele? Ulipoachilia mafuta lilipata nafuu? Mvua ilikuwa imenyesha? Petroli ilikuwa imebaki kiasi gani, na uliijaza wapi?

Kuna mambo ya bure ambayo sharti uyaangalie kwanza, na nitayapitia upesi. Mwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, nawe utazame kwenye kabureta kama kile kibamba cha kuruhusu hewa kinafunguka kabisa. Utashangaa ni magari mangapi yaliyokosa nguvu kwa sababu ya zulia la pili lililowekwa chini ya kanyagio, au kebo iliyolegea. Angalia kama choki imerudi mahali pake. Toa kichungi cha hewa, kile mafundi wetu hukiita "eya kilina", ukishike kuelekea jua. Kama huoni mwanga, kibadilishe. Kisha endesha gari kilomita chache bila kutumia breki sana, usimame mahali tambarare, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki inashika na injini inasingiziwa tu. Na kama injini inanguruma kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi inayoteleza.

Tukirudi kwenye injini, acha nikusimulie habari za mwalimu mmoja wa Thika aliyeniandikia kuhusu Peugeot 504 yake. Vijana huenda hawalijui vyema gari hilo. Lilianza kuundwa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1975 Ove Andersson alilishindia mashindano ya Safari Rally. Wazee wetu walilipanda kwenda Nakuru na Kisumu wakiwa wamebanana kama dagaa. Ni gari gumu. Hili la mwalimu lilikuwa likienda vizuri kwa nusu saa hivi, kisha nguvu zinapungua polepole hadi linafifia kabisa, hasa mlimani. Akisimama kando ya barabara kwa dakika kumi, linawaka na kwenda kama kwamba halikuwa na neno. Alikuwa amenunua kabureta ya mitumba, koili mpya na pampu ya petroli. Fundi wa tatu alimwambia injini ifunguliwe, na pesa pekee alizokuwa nazo ni karo ya binti yake ya muhula uliokuwa ukikaribia.

Ndani ya barua yake kulikuwa na sentensi moja ambayo yeye mwenyewe hakuitilia maanani: kwamba gari lilikuwa likienda vyema kila linapotoka kujazwa petroli. Nilimjibu, "Mwalimu, kabla hujafungua injini, safiri na kifuniko cha tangi kikiwa kimelegezwa kidogo, mwendo mfupi tu na tangi lisijae." Gari halikusita tena. Kifuniko chake cha asili kilikuwa kimeibwa mjini, naye akanunua kingine kisichokuwa na tundu la kupitisha hewa. Pampu ilipovuta petroli, hakuna hewa iliyoingia kuchukua nafasi yake. Tangi likajenga mvuto wa kuizuia petroli isitoke. Ukisimama dakika kumi, hewa hupenyeza taratibu na gari hupona. Ukifungua kifuniko kwenye kituo cha petroli, hupona papo hapo. Fundi wote watatu walifungua boneti. Hakuna aliyezunguka nyuma ya gari.

Hiyo ndiyo dalili ya petroli isiyofika ya kutosha, na huu ndio ugonjwa ninaoukuta mara nyingi kuliko yote. Kwenye tambarare gari huenda vizuri kwa kuwa linatumia petroli kidogo. Mlimani unapokanyaga hadi mwisho, lile bakuli dogo la kabureta huwa bado limejaa, ndiyo maana gari huvuta kwanza kwa mita kadhaa. Kisha bakuli hukauka kwa kuwa kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka, na gari hufa ganzi. Ukiachilia mafuta kidogo, bakuli hujaa tena na nguvu hurudi. Gari linalovuta kwanza, kisha likalegea, kisha likapona ukipunguza mafuta: huyo ni mgonjwa wa petroli, karibu bila shaka.

Katika hali hiyo, fuata njia ya petroli tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya kifuniko kuna tangi lenyewe, ambalo kwa gari la miaka thelathini au arubaini lina kutu ndani. Kutu hiyo huziba chujio lililo mwanzo wa paipu, hasa petroli inapokuwa kidogo, na hapo daftari lako litasema: "husita tangi likikaribia kwisha." Kisha kuna kichungi cha petroli, kitu cha bei nafuu ambacho watu hukisahau kwa miaka. Kibadilishe tu. Kisha mpira wa petroli, ambao ukizeeka hupasuka ndani au hunywea unapovutwa. Ndipo tufike kwenye pampu. Ili kuipima, injini ikiwa baridi, ondoa waya wa koili injini isiwake, chomoa paipu inapoingia kabureta, uielekeze kwenye chupa ya plastiki, na mtu apige stata kwa sekunde chache. Petroli iruke kwa mipigo mizito. Ikidondoka kama machozi, umempata mwizi. Sigara isiwepo hata mtaa wa pili. Na yule kijana wa kando ya barabara anayetaka kumwagia petroli kabureta kwa mkono huku wewe ukipiga stata, mwambie asante, usimruhusu. Kabureta ikikohoa moto nje, mkono na uso wake vitaungua, na gari pia.

Tofauti na hayo ni gari linalosita pale pale tu unapokanyaga mafuta, tuseme unapotoka kwenye mzunguko wa barabara, halafu likishapita hapo linavuta sawasawa. Hili halina uhaba wa petroli. Unapofungua mafuta ghafla, hewa huingia upesi kuliko petroli, kwa hivyo kabureta ina kijipampu kidogo cha kurusha petroli ya ziada wakati huo. Ngozi au utando wa kijipampu hicho ukikauka, gari hushtuka. Zima injini, ondoa kichungi cha hewa, chungulia kooni mwa kabureta na uvute wenzo wa mafuta kwa mkono. Uzi wa petroli sharti uruke mara moja. Usiporuka, dawa yake ni seti ya utando na gasketi. Huhitaji kabureta nyingine.

Uzi ukiruka na gari bado linashtuka, tazama ubavuni mwa distribyuta. Kuna kidude cha mviringo kilichounganishwa na kabureta kwa paipu nyembamba. Kazi yake ni kuiwahisha cheche injini inapokuwa haina mzigo mzito. Utando wake ukitoboka, gari husita na pia hunywa petroli kupita kiasi, na wachache sana hukikumbuka. Chomoa ile paipu upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distribyuta, kisha ivute hewa kwa mdomo. Bamba la ndani lisogee, na ukiziba paipu kwa ulimi libaki pale pale. Likirudi, umetoboka. Angalia pia mipira yote inayotoka kwenye injini kama imepasuka, maana hewa ya wizi inayoingia hapo huuharibu mchanganyiko.

Sasa cheche. Gari lenye kasoro ya cheche hulijui kwa kulegea. Hulijua kwa kushtuka. Ndilo lile mafundi husema "linamisi". Huruka kama punda aliyechomwa, hasa ukiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo huku umekanyaga mafuta, kwa sababu kadiri mchanganyiko unavyogandamizwa zaidi ndivyo cheche inavyopata shida kuruka. Asubuhi ya mvua au baada ya kuoshwa injini huwa baya zaidi.

Jaribio ninalolipenda ni la usiku. Egesha nje mahali pa giza, gia isiwe imeingizwa, breki ya mkono imevutwa, injini ikinguruma. Fungua boneti utazame tu, usiguse. Tai, mikono ya shati na leso viwe mbali na feni. Kama waya za plagi au kifuniko cha distribyuta vinavuja umeme, utaona vicheche vya buluu vikitambaa. Nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, vitaonekana zaidi. Ni burudani kwa watoto na inagharimu maji tu.

Kisha toa plagi na uzipange kwa mfuatano wa silinda zake. Zikiwa za hudhurungi kama biskuti, injini inakula vizuri. Zote nne zikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Zikiwa nyeupe kama mfupa, petroli ni haba au zinapata joto kupita kiasi. Moja tu ikiwa tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda ile peke yake na kabureta haina hatia, kwa kuwa kabureta ni ya silinda zote. Hebu fikiria ni kabureta ngapi zingeokolewa kama plagi zingesomwa hivi kwanza.

Magari ya kale yenye kontaki ndani ya distribyuta yana ugonjwa wao. Zile ndimi mbili za chuma sharti ziachane kwa milimita 0.4 hadi 0.5 kwa magari mengi, na kitabu cha gari lako kitakwambia hasa. Kile kisukuma cha plastiki kinachozifungua huchakaa, nafasi hupungua, na cheche huanza kuchelewa. Gari halimisi, linakuwa zito tu, mwezi baada ya mwezi, hata mwenyewe hajui lilibadilika lini. Kontaki zikiwa zimeungua na kuwa nyeusi mara kwa mara, shuku kondensa.

Kuna pia magonjwa ya joto. Koili inayokufa hufanya kazi ikiwa baridi, na baada ya nusu saa waya zake za ndani hutanuka na cheche kudhoofika. Ukifika Mtito Andei saa nane mchana, gari likakataa, likapumzika nusu saa, likaondoka, unaweza kudhani ni koili, na huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia petroli imechemka ndani ya paipu iliyo karibu na injini na kuwa mvuke, nayo pampu haiwezi kuusukuma mvuke. Utazitenganisha vipi? Loweka kitambaa maji, ukiweke juu ya pampu na paipu ya petroli, mbali na nyaya. Likiwaka mara moja, ni mvuke. Isogeze paipu mbali na ekzosi au uizungushie kinga. Lisipowaka, weka kitambaa kilichokamuliwa kwenye koili.

Nguvu zikipungua kila mahali, bila kushtuka, gari likiwa moto au baridi, na hayo yote ya juu yakawa sawa, ndipo tuanze kuitazama injini yenyewe. Hata hapa, polepole. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu ilizokuwa nazo Mombasa. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, umepoteza karibu robo. Huo si ugonjwa, na hakuna fundi anayeweza kuutibu. Kabureta iliyopimiwa pwani nayo hutoa petroli nyingi mno ikifika Limuru, plagi zikawa nyeusi, gari likawa zito zaidi. Hilo hutibika kwa kubadilisha jeti.

Jambo hilo la mwinuko ni muhimu sana fundi anapopima mgandamizo wa silinda. Vitabu vya magari viliandikwa kwa watu wa nchi za chini. Injini nzima inayotoa pauni 170 Mombasa itatoa kama 140 Nairobi, na haina neno. Fundi asiyejua hilo atakuonyesha kitabu na kusema imekwisha. Usikubali upesi. Tazama tofauti kati ya silinda: zote zikikaribiana, hata kama ziko chini kidogo, injini ina maisha. Moja ikiwa na 140 na jirani yake 90, hapo pana jambo. Tia kijiko cha oili kwenye shimo la plagi ya ile dhaifu upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechakaa. Isipopanda, vali hazifungi. Na kama silinda mbili zilizo jirani zote ziko chini, gasketi iliyo kati yao imeungua, kazi ambayo haihitaji kufungua injini nzima.

Kuhusu vali, wenye magari ya miaka ya sitini na sabini wasikilize. Petroli yenye risasi iliachwa nchini mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na ni heri iliachwa, maana ilikuwa sumu kwa watoto wetu. Lakini risasi hiyo ilikuwa pia ikilinda viti vya vali vya injini za zamani za chuma kitupu. Bila risasi, viti hivyo huliwa kidogo kidogo ukienda mwendo mrefu wa kasi, vali huzama, na nafasi ya tapeti hupotea hadi vali hazifungi tena injini ikiwa moto. Kurekebisha tapeti ni kazi ya saa moja au mbili. Pima tapeti kabla ya kukubali neno "ovahoo".

Ekzosi iliyoziba nayo huiga ugonjwa wa injini iliyochoka, kwa kuwa injini isiyotoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Moshi ukitoka kwa unyonge hali umekanyaga mafuta, fundi alegeze kiungo kilicho mbele ya sailensa, ekzosi ikiwa imepoa, kisha mjaribu barabarani madirisha yakiwa wazi.

Na petroli yenyewe? Tamaa ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa iliifanya Serikali kuweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018. Petroli iliyochanganywa huifanya injini igonge ikipanda mlima, isite, na itoe moshi. Kama shida ilianza siku ile ile uliyojaza mahali pageni, usishike spana. Maliza tangi polepole, jaza penginepo, ulinganishe.

Wenye magari yasiyo na kabureta, kama zile Toyota Corolla za miaka ya tisini, watasema nimewasahau. Kanuni ni ile ile: kichungi, pampu, plagi, hewa ya wizi. Tofauti ni kwamba kompyuta ya gari huandika malalamiko yake. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo, kijisanduku kilicho chini ya boneti kina vituo vilivyoandikwa TE1 na E1. Ukiviunganisha kwa kijiwaya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini humeta na kuhesabu namba ya kosa. Mashine za kisasa za kusoma makosa huenda zisiyaelewe magari hayo. Marekani ililazimisha mtindo mmoja mwaka wa 1996, Ulaya ikafuata mwaka wa 2001 kwa magari ya petroli, lakini yaliyotengenezewa soko la Japani yalichelewa. Jihadhari pia: namba ni ushahidi, hukumu bado. Ikisema sensa ya moshi, huenda ni ekzosi inayovuja karibu na sensa. Na lile jaribio la kuchomoa waya wa plagi moja moja injini ikinguruma usilifanye kwenye magari haya. Petroli isiyoungua huharibu kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho bei yake itakutoa machozi.

Ukienda gereji, sasa huna haja ya kusema "halivuti". Mpe fundi karatasi: "Linavuta mita 200 mlimani, kisha linalegea. Nikipunguza mafuta linapona. Plagi na kichungi ni vipya. Tangi likijaa ni afadhali." Fundi mzuri atafurahi, maana umempunguzia kazi. Mwombe abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja na akurudishie cha zamani. Kama gari halikupona, kilikuwa kizima, kiweke. Na mpaka lipone, mlima wa Salama upande nyuma ya trela.

Jumapili ijayo nitajibu barua za wale ambao radieta zao huchemka kwenye foleni. Wanaoandika watakumbuka kutaja mwaka wa gari, ukubwa wa injini, na saa ambayo kasoro hutokea.